Mama Hatua na Mtu wa Mstari wa 410

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika Ofisi ya Hesabu za Hewa, mwenzetu ambaye mgodi mzima unamwita Mama Hatua anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Aliingia kazini na mtoto mgongoni na cheti cha hisabati ndani ya bahasha ya kaki. Anatoka akiwa na wajukuu wanne, miwani miwili, na ufunguo wa kabati la chuma ambao ameniachia mimi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kurasa mbili, kwa lugha ya kuchangamka. Kuhusu kurasa nitajitahidi. Kuhusu kuchangamka, kuna mahali mtanivumilia.

Kwa ndugu na wageni ambao hawajawahi kufika ofisini kwetu: ni chumba kimoja cha ghorofa ya chini, nyuma ya ghala la kofia za kazi. Kuna meza nne, feni moja inayolalamika, na dirisha ambalo kioo chake kimoja kimezibwa kwa katoni tangu enzi za meneja wa tatu. Kazi yetu ni kujua hewa iliyo chini ya ardhi itafanya nini kabla haijafanya. Tunatumia milinganyo tofautishi, yaani hesabu za vitu vinavyobadilika kila dakika. Ukijua hewa chafu inaongezeka kwa kasi gani sasa hivi, unaweza kujua itakuwa kiasi gani baada ya saa kumi. Kompyuta inakwenda hatua kwa hatua: inatazama hali ilivyo, inakadiria dakika inayofuata, inasimama hapo, inakadiria tena. Hatua zikiwa ndefu mno, programu inapotea njia na kuanza kusema uongo kwa uso mkavu.

Hapo ndipo lilipotoka jina lake. Kila tulipomletea majibu ya ajabu, kama vile chumba chenye hewa pungufu ya sifuri, alikuwa hata hainui macho. "Punguza hatua," anasema, na kuendelea na chai yake. Neno hilo alimwambia dereva wa gari la wafanyakazi kwenye kona ya mteremko. Alimwambia pia kijana aliyekuja kumposa binti yake akitaka ndoa ifungwe ndani ya wiki mbili. Kijana alipunguza hatua, na leo ndiye baba wa wajukuu wawili kati ya wale wanne.

Aliirithi programu yetu ya kwanza kutoka kwa mwanzilishi wa ofisi, marehemu Mzee wa Kadi, aliyeitwa hivyo kwa sababu aliianza kazi hii wakati kompyuta zikilishwa kadi zenye matundu. Mzee aliiandika kwa Fortran, lugha ya kompyuta iliyozaliwa kabla ya wengi wetu. Mama Hatua aliitunza programu hiyo kama mtu anavyotunza mama mkwe: kwa heshima, kwa subira, na bila kuuliza maswali mengi. Baadaye zikaja lugha nyingine. Mimi niliihamishia kwenye Python. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka hamsini na mmoja, alijifunza lugha mpya iitwayo Julia na kuiandika upya kutoka mwanzo. Wiki ile mhudumu wetu wa chai alisikia tukibishana kuhusu Julia asubuhi hadi jioni, akaleta kikombe cha tano mezani na kuuliza kama dada huyo mgeni anatumia sukari. Tulicheka hadi machozi. Mama Hatua hakucheka. Alimwambia akiache kikombe hapo hapo.

Tabia yake nyingine wote mnaijua. Kila kikao alichokaa, alivuta kiti kimoja zaidi. Tukiwa watano, viti sita. Tulidhani ni cha mkoba wake, lakini mkoba aliuweka chini, kati ya miguu. Mfagizi alinung'unika miaka mingi, kisha akazoea na kuanza kukipangusa kama vingine.

Sasa niingie penye uzito. Jambo hili linajulikana na wengi kwa nusu, na nusu iliyobaki ni yangu. Sijawahi kuisema hadharani.

Miaka sita iliyopita uongozi uliamua kuachana na Fortran. Programu zote tatu ziwekwe bega kwa bega kwa mwezi mmoja, kisha yangu, ya kisasa, ibaki peke yake. Tulianza na Chumba cha Kujihifadhi. Hicho ni chumba cha chuma kilichoko ngazi ya chini ya mgodi, ambacho wachimbaji hukimbilia na kujifungia mwamba ukianguka. Swali ni moja tu: watu waliomo ndani watavuta hewa ile kwa saa ngapi kabla haijawaua? Tukaweka watu kumi na wawili, yaani zamu moja. Python yangu ikasema saa thelathini na tisa. Fortran ikasema thelathini na sita. Julia nayo ikasema thelathini na sita.

Nilisema ni mikwaruzo ya desimali tu, lugha hazielewani, mambo ya kawaida. Mama Hatua akavua miwani ya mbali na kuvaa ya karibu, ishara kwamba siku imekwisha. Akapunguza hatua kutoka dakika kumi hadi moja, na pengo likabaki saa tatu. Akazipunguza hadi sekunde, pengo lile lile. Akaongeza desimali, akabadilisha mbinu ya kukokotoa, akahamia kompyuta nyingine. Kosa la hesabu lina tabia yake, wenzangu. Ukilibana linanywea. Hili tulilibana tangu asubuhi na halikunywea hata kidogo.

Ndipo akaanza kubadilisha idadi ya watu. Akaweka ishirini, akaweka sita, akaweka watatu. Kila mara tofauti kati ya mistari ya hewa chafu ambayo programu zilichora ilikuwa na maana moja: pumzi za mtu mmoja, mtu mzima, aliyekaa kitako bila kufanya kazi yoyote. Mwishowe akaandika idadi ya watu kuwa sifuri. Kwenye kioo cha kompyuta mstari wangu ukalala chini, umenyooka, kama inavyotakiwa katika chumba kitupu. Mstari wa Fortran ukatulia kidogo, kisha ukaanza kupanda.

Nakumbuka feni ilikuwa inazunguka na jua la saa tisa alasiri likiwa mezani. Hata hivyo, nywele zilinisimama. Chumba kilikuwa hakina mtu, na mtu alikuwa akipumua ndani yake.

Mama Hatua akafungua kabati la chuma, akatoa chapisho la zamani la programu ya Fortran lililoandikwa kwenye karatasi zenye matundu pembeni, na kulikunjua hadi mstari wa 410. Palikuwa na amri fupi: KAKA = 1. Juu yake kulikuwa na maelezo ya mwandishi, herufi kubwa: USIMTOE. Mzee wa Kadi alikuwa ameongeza mtu mmoja kwenye kila hesabu ya hewa ya mgodi huu, akamweka nafasi ya kwanza kwenye orodha, na wachimbaji wote wakafuata nyuma yake. Mimi nilikuwa nimempoteza kwa kosa la kitoto. Fortran inaanza kuhesabu kwa moja, Python inaanza kwa sifuri. Niliamuru orodha isomwe kuanzia moja, na yule aliyekaa kwenye sifuri nikamruka. Julia inaanza kwa moja kama Fortran, na Mama Hatua aliinakili orodha ile kama alivyoirithi, kwa hiyo huko hakuguswa. Kuanzia siku ile Mama Hatua akaniita Sifuri, na jina limenikaa.

Jumamosi yake alikwenda kwa mjane wa Mzee wa Kadi kuuliza. Bibi yule alimsimulia huku akichambua mchele. Mume wake alikuwa na kaka mkubwa, mchimbaji. Siku moja kaka huyo alimshikia rafiki yake zamu, akashuka na kibati cha rafiki bila kuandikwa kwenye daftari. (Vibati ni vile vipande vya chuma vyenye namba ambavyo kila anayeshuka hadi leo huchukua ubaoni.) Handaki namba nne likaanguka. Daftari lilisema walioshuka ni tisa, na tisa wakatoka. Msako ukafungwa, handaki likazibwa kwa ukuta wa zege. Siku ya nne fundi bomba mmoja alisema amesikia mtu akigonga. Akaambiwa ni maji. Rafiki aliyeshikiwa zamu alikuja kusema ukweli wiki moja baadaye, alipoona hakuna mtu aliyemrudishia kibati chake.

Mngedhani nilirekebisha programu yangu Jumatatu. Sikurekebisha. Nilisimama mbele ya meneja wa uchimbaji nikatetea kosa langu kana kwamba ni uvumbuzi. Nilisema huruma si hisabati. Nilisema, na haya ni maneno yangu mwenyewe: "Mtu asiyekuwepo havuti pumzi."

Mama Hatua alinigeukia. "Nani amekuambia hayupo?" akauliza.

Watu wakacheka, nami nikashinda. Uongozi ukaandika barua kwamba mwisho wa mwezi Fortran izimwe, Julia ibaki ya akiba tu, na KAKA aondolewe humo pia.

Mwisho wa mwezi haukufika. Jumanne ya wiki ya tatu, saa tatu asubuhi, mwamba ukaanguka ngazi ya chini. Taa ya Chumba cha Kujihifadhi ikawaka kuonyesha kwamba mlango umefungwa kutoka ndani. Ubaoni vilipungua vibati kumi na viwili, na daftari lilikuwa na majina kumi na mawili. Mkuu wa kikosi cha uokoaji alikuja ofisini kwetu na ramani na njia mbili. Njia ndefu ilikuwa salama kwa watu wake, lakini ingewafikisha mlangoni saa ya thelathini na nane tangu mlango ufungwe. Njia fupi ingechukua saa thelathini na tatu, ila ilipita ndani ya handaki namba nne lililozibwa, chini ya mwamba ambao hakuna aliyeuamini. Saa zangu thelathini na tisa ziliruhusu njia ndefu. Saa thelathini na sita za Mama Hatua hazikuiruhusu.

Kwa kanuni za mgodi wetu, kikosi hakitumii hesabu ya hewa isiyo na sahihi ya Mama Hatua. Meneja akamwekea karatasi yangu mbele. Nje ya geti wake za wachimbaji walikuwa wameshaanza kukusanyika, na sauti zao zilipita kwenye lile dirisha la katoni.

"Mama, daftari linasema kumi na wawili," meneja akamwambia. "Unataka niwapeleke watu wangu chini ya mwamba ule kwa ajili ya mtu wa kwenye karatasi?"

"Daftari lilisema tisa pia," akajibu.

Akaisukuma karatasi yangu pembeni, akaandika 36 kwenye nyingine, akatia sahihi.   Kama mmoja wa waokoaji angefia njia fupi, lawama ingekuwa yake mpaka kaburini, na alilijua hilo. Mkuu wa kikosi alichukua karatasi bila kumuaga.

Jumatano saa kumi na mbili jioni kikosi kilifungua mlango wa chumba. Walipopandishwa juu, msimamizi wa zamu alisimama pale kwenye lifti akihesabu kwa sauti ili wanawake wasikie. Alipofika kumi na mbili, akafunga daftari kwa furaha. Kisha akatoka mwingine.

Alikuwa fundi pampu. Asubuhi ya Jumanne alikuwa ameshuka kwa lango la pili kufunga valvu moja, kazi ya dakika kumi, na kibati chake akakiacha kikining'inia ubaoni kwa sababu hakuona haja. Mke wake hakuwa hata getini. Alidhani mumewe yuko karakana na analala huko kwa ajili ya dharura. Kwa watu kumi na watatu, hewa ile ingekwisha saa ya thelathini na sita. Njia ndefu ingefika saa mbili baadaye. Ni mimi niliyeandika thelathini na tisa.

Yaliyofuata nayaandika kama yalivyo, kila mtu atajua la kufanya nayo. Kwa watu kumi na watatu, mlango ulipofunguliwa kipima hewa cha chumbani kilipaswa kuonyesha akiba ya saa tatu. Kilionyesha isiyofika nusu saa. Daktari wa mgodi alisema hofu huwafanya watu wapumue haraka, na huenda ni kweli. Mama Hatua alichukua vipimo vya saa zote thelathini na tatu akavilinganisha na hesabu. Mstari uliolala juu ya vipimo bila kuachana navyo hata unywele ulikuwa wa watu kumi na wanne. Alisema hofu ingeyumba, ingepanda na kushuka; mstari huu ulikuwa mtulivu mwanzo hadi mwisho. Fundi pampu naye aliniambia kwamba kule ndani walizima taa ili kuokoa betri, na kila baada ya muda wakahesabiana gizani, kila mtu akitaja namba yake. Mara mbili walifika kumi na nne. Kila mmoja alidhani mwenzake anatania, na wakamkemea.

Waokoaji walipouvunja ukuta wa handaki namba nne walikuwa wamemkuta mtu. Mifupa yake ilikuwa imekaa, mgongo ukiwa umeegemea zege, kofia magotini, na kibati kisicho chake mkononi. Alizikwa kando ya mdogo wake, Mzee wa Kadi, na mjane alimwaga udongo wa kwanza. Mama Hatua alikuwepo, nami nilikuwepo, nyuma kabisa.

Baada ya hapo meneja, ambaye tangu siku ile alimsalimia Mama Hatua kwa kuvua kofia, aliuliza kwa adabu kama sasa KAKA anaweza kuondolewa, maana amepatikana. Jibu la Mama Hatua liko kwenye jalada, sentensi mbili tu: "Yule tumemzika. Mstari ubaki kwa ambaye daftari halijamwona." Fortran haikuzimwa. Programu yangu iliwekwa kando, na kwa miaka sita sikuweza kuifungua. Nilikuwa nikiliona faili lake nageuza uso.

Wiki iliyopita, akinikabidhi ofisi, alivuta viti vitatu mbele ya kompyuta yangu. Akakaa kimoja, akanionyesha kimoja. "Lifungue," akasema. Nikalifungua. Nilibadilisha tarakimu moja tu, moja ikawa sifuri, orodha ikasomwa tangu mwanzo wake. Akaniambia nijaribu kwa chumba kitupu. Nikaandika watu: sifuri. Fortran, Python na Julia zikaanza kwa pamoja. Mistari mitatu ikatulia chini kidogo, kisha ikaanza kupanda, mmoja juu ya mwingine, hata usingejua ni mitatu.

"Sasa zinaelewana," akasema, na ndipo nilipolia. Nilimwomba msamaha kwa wale kumi na watatu. Alinipiga bega. Nikamuuliza, kwa kuwa yule tuliyemjua tumeshamzika, ni nani anayepumua pale sasa. Alikitazama kile kiti cha tatu, akavua miwani ya karibu.

"Hilo silijui, mwanangu," akasema. "Wewe mhesabu tu."

Mama, ofisi inakushukuru kwa miaka yote hiyo, kwa kila jibu la kipuuzi ulilotuambia tulipunguzie hatua, na kwa sahihi moja uliyoiweka ukijua uzito wake. Zawadi yako itakabidhiwa na fundi pampu, ambaye siku hizi hachomoki hata kwenda msalani bila kibati chake. Wenzake kumi na wawili watakuwa nyuma yake. Walioalikwa ni mia moja na kumi na tisa, na nimepanga viti mia moja na ishirini. Kile cha mwisho mstari wa mbele, mkono wa kushoto, naomba kisiwekewe mkoba.

Nenda ukapumzike, Mama Hatua, upumue hewa ya juu ambayo haihitaji hesabu ya mtu. Wajukuu wakuchoshe kwa heri, na maisha yako ya mbele yawe marefu na mepesi. Huku chini ufunguo ninao. Kila jioni kabla sijafunga mlango nitahesabu waliomo, na nitaongeza mmoja.

Ameandika Sifuri, kwa niaba ya Ofisi ya Hesabu za Hewa.